Wimbi Juu ya Herufi

Saa nne usiku, Tartu, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
na chombo cha kujengea programu kinaniambia kwa wekundu:
Folda emajõgi haipo.

Natazama dirishani. Mto upo.
Umeganda, lakini upo,
na mtu mmoja anatembea juu yake na mbwa
kana kwamba ni barabara ya mtaa.
Narudi kwenye kioo. Haipo.

Kwenye kompyuta ya Leelo, meza ya pili, ipo.
Msimbo uleule, toleo lilelile la chombo.
Kwake kinajenga kwa sekunde kumi na moja,
kwangu kinakufa.
"Labda kinajua humpendi yeyote baada ya saa tatu,"
anasema Leelo, anavaa koti, anakwenda zake.

Nikaanza kupunguza.
Nilitoa vipimo vya barafu vya miaka sita. Kikafa.
Nilitoa ramani. Kikafa.
Nilitoa hata maoni niliyojiandikia mwenyewe
pembeni mwa msimbo, yale ya kujipa moyo.
Nikabaki na folda moja na faili moja tupu,
tupu kama sahani ya mgeni aliyekwisha kuaga,
kikafa palepale, kwa adabu ileile.

Folda nikaiita a.
Kikafufuka.

Kumbe kinachonila ki ndani ya jina.
Nikalipasua herufi kwa herufi, nikasoma namba zake.
Kwa Leelo, õ ni moja, imezaliwa na wimbi lake kichwani.
Kwangu ni o ya kila siku, halafu wimbi,
limevishwa baadaye, kama kofia.
Mapacha ambao hata mama yao angewachanganya.
Lakini chombo hakina macho, kina hesabu tu;
hakikuona mapacha, kiliona watu wawili,
na mmoja hakikumjua.

Saa saba. Sasa kuandika,
na kuandika taarifa ya hitilafu ni kujizuia.
Usiseme chombo chenu kibovu. Usiseme umekesha.
Mganga hana haja na matusi ya mgonjwa,
anataka kujua panauma wapi,
tangu lini, na nikibonyeza hapa, je?

Nilichofanya: nimetengeneza folda, nimeipa jina la mto.
Nilichotarajia: ionekane.
Kilichotokea: haikuonekana.
Nikaambatisha ile faili tupu.
Neno "dhahiri" nililifuta mara mbili.

Anayekitunza chombo yuko Valdivia, Chile, kwao ni kiangazi.
Halipwi. Hujiandika Nanculef.
Jibu lake lilifika alfajiri:
Kwangu kinafanya kazi.
Maneno matatu, na mlango umerudishwa.

Nilitaka kumtumia mto mzima, barafu, mbwa na yote.
Nikamtumia mistari miwili ya namba,
mmoja juu ya mwingine,
ili jicho lake lishuke lenyewe mpaka penye ufa.

Siku mbili, kimya.

Kisha: Nimeiona.

Wafanyao kazi hii wanajua neno hilo lina uzito gani.
Si nimerekebisha; hilo huja baadaye, au haliji.
Nimeiona: yaani si usingizi wako,
si kompyuta yako kuukuu,
si wewe.
Nilikwenda kuchemsha chai nikasahau kuweka maji.

Marekebisho yalifika Alhamisi. Mistari minne,
mmoja wao tupu.
Leelo akasema, "Basi? Ndiyo hiyo tu?"
Ndiyo hiyo tu.
Ila chini, mahali pa jina la aliyerekebisha,
mahali ambapo kwa miaka tisa ya kumbukumbu za chombo
(nilirudi nyuma nikahakikisha, ndiyo tabia yangu)
kulikuwa na Nanculef, Nanculef, Nanculef,
safari hii ameandika

Ñanculef,

na wimbi lake juu.